Mshumaa mfupi ndio huzimika kwanza

GOMA – Jumamosi asubuhi, katika parseli moja ya mtaa wa Keshero, magharibi mwa mji, watoto kumi na mmoja wamezunguka sufuria. Si sufuria ya chakula. Ndani yake imesimamishwa mishumaa mitatu: mmoja mfupi kama kidole gumba, wa pili wa kimo cha kiganja, wa tatu mrefu unaopita mdomo wa sufuria. Yote inawaka. Mama anayeongoza kazi anamwaga maji ya ndimu polepole pembeni, juu ya unga mweupe uliotandazwa chini. Povu linapanda, linachemka bila moto. Hakuna anayepuliza, na upepo hakuna. Mshumaa mfupi unazimika.

Watoto wananyamaza. Muda kidogo, wa pili unafuata. Ule mrefu unaendelea kuwaka kama kawaida.

«Nani amezima?» mama anauliza.

Mtoto mmoja wa miaka saba anajibu mbio: «Ni pepo, Mama Mwalimu.»

Wenzake wanacheka. Mama Mwalimu hacheki. Jibu hilo alilisikia siku nyingine, mahali pengine, kutoka kwa watu wazima, na siku ile lilikaribia kumfukuza mjane kwenye hema lake.

Alijua jina, hakujua kitu

Kabla ya vita mama huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Masisi. Kwa miaka kumi na moja alifundisha mwaka wa tano na wa sita: hesabu, Kifaransa, jiografia, sayansi, yote mtu mmoja. Somo la hewa lilikuwa na ukurasa wake. Aliliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili, kisha wakarudia kwa sauti moja: gazi ya kaboni haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na huzima moto. Siku ya mtihani waliandika vilevile, naye akawapa pointi zao zote.

«Nilikuwa ninawapa pointi kwa maneno,» anasema leo. «Mimi mwenyewe sikuwahi kuiona hiyo gazi ikifanya kazi. Ubaoni haizimi kitu.»

Mwaka 2023 vita vilifika kijijini kwake. Aliondoka na watoto watatu, godoro moja na daftari la mahudhurio ambalo hadi sasa hajui kwa nini alilibeba. Walitembea, wakalala njiani, wakafika katika kambi moja iliyokuwa magharibi mwa Goma, upande wa njia ya Sake. Ardhi ya kule ni mawe meusi ya volkano, yenye vilima vidogo na mabonde madogo. Watu walikuwa wengi na nafasi ilikuwa chache. Waliofika mwanzo walichukua mahali pa juu, palipo sawa. Waliofika nyuma walijenga penye nafasi, hata kwenye mashimo.

Hema la mjane mmoja mzee lilikuwa pembeni kabisa, karibu na bonde dogo lenye majani mengi ya kijani. Alikuwa akiishi na mjukuu wake. Jirani walipenda kupita kwake kwa sababu alijua dawa za majani na hakukataza mtu moto wa kuwashia makala.

Asubuhi moja ya mwaka 2024, kabla jua halijatoka vizuri, mtoto wa mwisho wa Mama Mwalimu, wa miaka sita wakati huo, alikwenda na wenzake kucheza mpira wa mifuko. Mpira ulianguka ndani ya lile bonde. Alishuka kuuchukua, akainama, hakupanda tena. Wenzake walifikiri anacheza. Walipoona hatikisiki, walipiga kelele.

Bahati yake ni kijana mmoja wa chukudu aliyekuwa akipita na mzigo wa makala. Kijana huyo alizaliwa upande huu wa ziwa, na wazazi wake walimfundisha tangu utotoni. Hakukimbilia kuinama. Alivuta pumzi akiwa juu, akaizuia, akashuka, akamshika mtoto mkono, akamvuta bila kupumua hadi mahali pa juu. Mtoto alikuwa ameregea kama nguo. Walimlaza penye upepo. Baada ya muda alikohoa, akatapika, akaanza kulia. Alipelekwa kwenye kituo cha afya, akarudi siku hiyohiyo akiwa na maumivu ya kichwa tu.

Mchana ule habari ilizunguka kambi nzima. Mtoto ameanguka nyuma ya hema la mjane. Wiki mbili mbele mbuzi wa mtu alikuwa amekufa palepale bila jeraha. Na mjane anajua majani. Jioni hapakuwa tena na mtu wa kuomba moto kwake. Kesho yake, alipokwenda kuchota maji, wanawake walitoa bidoni zao kwenye mstari ili zisigusane na yake. Usiku vijana walirusha mawe juu ya hema.

Jaribio la kwanza halikuwa la watoto

Mama Mwalimu anakiri kwamba siku ya kwanza yeye pia alisita. Mtoto wake alikuwa karibu kufa, na moyo wa mzazi hutafuta mtu wa kulaumu. Lakini kijana wa chukudu alipokuja kumwangalia mgonjwa, alisema neno moja tu: «Mama, ni mazuku.»

Neno hilo alikuwa amelisikia kama jina la upepo mbaya, kitu cha hadithi za watu wa Goma. Akamuuliza mazuku yanafanyaje. Kijana akamweleza: hayana harufu, hayaonekani, yanakaa chini, na ukiingiza moto unazimika.

Mwalimu akakaa kimya. Maneno hayo yote alikuwa ameyaandika ubaoni kila mwaka kwa miaka kumi na moja.

Jioni hiyo alikwenda kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi, akamwomba kijiko cha bikarbonati, ileile ambayo wapishi huweka ili maharagwe yaive haraka. Ndimu alizipata kwa mwingine. Mshumaa alikuwa nao. Aliwaita wakubwa wa eneo lao, jirani, na mjane mwenyewe. Akaweka kipande cha mshumaa kinachowaka chini ya sufuria ndefu, akamwaga ndimu juu ya unga. Moto ukazima. Akauwasha tena. Kabla kiberiti hakijafika kwenye utambi, kilizimika mkononi mwake. Akarudia mara tatu.

Si wote walioamini. Mzee mmoja alisema sasa wachawi ni wawili. Watu wakacheka, na kicheko hicho kikapunguza ukali kidogo, lakini mzee aliuliza neno la maana: «Hiyo ni ya sufuria. Ya bondeni utatuonyesha namna gani?»

Kijana wa chukudu ndiye aliyejibu. Asubuhi ya pili, mapema, alifunga mshumaa kwenye mti mrefu, akasimama juu ukingoni akiwa wima, akaushusha bondeni polepole. Moto ulipofika kimo cha goti ukafa. Akauvuta, akauwasha, akaushusha tena, ukafa palepale. Mara ya tatu vilevile. Alichora alama kwa kaa la makala kwenye mti, watu wakaona kwamba mpaka haubadiliki. Saa sita mchana, jua likiwa kali na upepo ukitoka ziwani, alirudia. Safari hii moto ulishuka hadi chini, ukaendelea kuwaka.

«Basi niambieni,» mwalimu akawauliza, «ni mchawi gani anayeondoka saa sita mchana upepo ukivuma?»

Hapakutolewa hukumu yoyote wala hotuba. Ila jioni ile mama mmoja alikwenda na kipande chake cha makala kwa mjane kuomba moto. Kesho yake wanaume walizungusha bonde kwa mawe na matawi ya miiba, na hema la mjane likahamishwa hatua thelathini juu.

Mazuku ni nini

Goma imekaa chini ya volkano mbili zilizo hai, Nyiragongo na Nyamulagira. Wakaaji wanakumbuka moto wa Nyiragongo wa tarehe 17 Januari 2002 ulioingia hadi katikati ya mji, na ule wa tarehe 22 Mei 2021. Moto huonekana, na watu hukimbia. Lakini volkano hutoa pia gazi, hata siku ambazo mlima umetulia. Gazi hiyo hupanda kutoka ndani sana ya ardhi, hupita kwenye nyufa za mawe, na kutokea mahali fulanifulani, hasa kwenye eneo la kaskazini mwa Ziwa Kivu kati ya Goma na Sake.

Sehemu kubwa ya gazi hiyo ni ya kaboni, ileile tunayoitoa puani, ileile iliyo ndani ya chupa ya Fanta. Katika hewa ya kawaida ni kidogo sana, karibu sehemu 4 katika kila sehemu 10 000. Ikifika asilimia 10 mtu anaweza kupoteza fahamu kwa muda mfupi. Ndani ya mazuku huweza kupita hapo kwa mbali.

Shida yake ni uzito. Gazi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Penye bonde, shimo, msingi wa nyumba au mtaro, hutulia kama maji yasiyoonekana. Usiku na alfajiri, wakati upepo umelala, bwawa hilo hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kupita mahali akiwa amesimama asisikie kitu, lakini mtoto anayemfuata akaanguka. Pua ya mtoto iko chini. Mbuzi, kuku na mbwa pua zao ziko chini zaidi.

Kutoka kambini hadi Keshero

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi za Goma ziliondolewa. Watu walitawanyika. Wengine walirudi walikotoka bila kujua watakuta nini, wengine wakaingia mjini kwa ndugu. Mama Mwalimu alipokelewa na mjomba wa marehemu mume wake, mzee mmoja wa Keshero ambaye parseli yake ilikuwa tayari imejaa. Alimpa chumba kimoja na kusema: «Binti, hapa tutabanana, lakini hakuna atakayelala nje.»

Katika parseli na jirani zake kulikuwa na watoto wengi waliokatiza masomo. Wengine walikuwa wamepoteza mwaka, wengine miwili. Walikuwa wakizunguka tangu asubuhi, wakishuka ziwani, wakiokota kuni, wakicheza kwenye mashimo ambamo watu huchimba mawe ya kujengea. Mwalimu aliwaona wakiruka ndani ya mashimo hayo asubuhi mapema, akakumbuka mpira wa mifuko.

Hakuwa na ubao wala vitabu. Alikuwa na sufuria. Akaanza Jumamosi moja na watoto wanne. Walipotoka wakasimulia kwamba kuna mama anayezima moto bila kupuliza. Jumamosi iliyofuata walikuja tisa.

Wanachofanya Jumamosi

Somo la kwanza si mishumaa. Ni kitunguu chekundu. Maganda yake huchemshwa kidogo, maji yakawa mekundu-zambarau, yakagawanywa katika vikombe vitatu. Kikombe cha kwanza huachwa. Cha pili hutiwa ndimu, rangi inakuwa nyekundu zaidi, yenye kung'aa. Cha tatu hutiwa bikarbonati, rangi inageuka kuelekea kijani. Kisha watoto wanatumwa kuleta vitu vya jikoni waone kila kimoja kiko upande gani: nyanya, maji ya sabuni, maziwa yaliyochacha, majivu yaliyolowekwa na kuchujwa.

Majivu huwashangaza. Yanakwenda upande wa bikarbonati. Hapo mabibi wanaosikiliza kutoka mlangoni hucheka, kwa sababu wao walipikia majivu hayo tangu zamani bila kuhitaji bikarbonati ya butiki. Mwalimu huwaambia watoto: muulizeni bibi, naye ni mwalimu wa kemia.

Somo la pili ni ndimu na bikarbonati kukutana. Kitu kichachu kikikutana na bikarbonati, hutoa povu, na ndani ya povu kuna gazi ya kaboni. Wanafanya hivyo ndani ya chupa, na mdomoni mwa chupa wanafunga baluni. Baluni linajaa taratibu. «Mnaona? Haionekani, lakini inachukua nafasi,» anasema mwalimu.

Somo la tatu ni la chachu, ile ya mkate. Maji ya vuguvugu, sukari vijiko viwili, chachu kijiko kimoja, baluni juu ya chupa, na kusubiri. Nusu saa hivi, baluni linaanza kusimama. Ni gazi ileile. Ndiyo inayoinua mandazi, na ndiyo inayochemka ndani ya kasiksi inapoiva. Mtoto anayejua hivyo haoni tena gazi kuwa kitu cha kuzimu. Iko jikoni, iko puani mwake. Ubaya wake ni wingi na mahali ilipokaa.

Somo la nne ni chupa ya Fanta. Ikiwa imefungwa, hakuna povu. Ikifunguliwa, povu linatoka. Gazi ilikuwa mle muda wote, imefinywa. Mwalimu anaonyesha ziwa kwa kidole. Chini kabisa ya Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinakaribia mita 485, kuna gazi nyingi iliyofinywa na uzito wa maji: kilomita za ujazo karibu 300 za gazi ya kaboni, na karibu 60 za methani. Upande wa Rwanda methani hiyo hutolewa na kuzalisha umeme. Watoto wakubwa anawaambia pia kuhusu Ziwa Nyos la Kameruni, ambako usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 gazi ya kaboni ilitoka ziwani ghafla, ikashuka mabondeni, ikaua watu karibu 1 700 pamoja na mifugo yao. Hawaambii ili waogope kulala. Anawaambia ili wajue kwa nini kuna wataalamu, kama wale wa OVG hapa Goma, ambao kazi yao ni kupima volkano kila siku, na kwa nini tangazo lao si la kupuuzwa.

Mishumaa mitatu huja mwisho.

Kwa mzazi anayetaka kujaribu nyumbani

Fanyeni nje, penye hewa, mahali pa juu, na mtu mzima ndiye awashe moto. Chukueni sufuria yenye kina. Simamisheni mishumaa mitatu ya vimo tofauti kwa nta yake yenyewe, katikati, mbali na ukingo. Wekeni bikarbonati kijiko kimoja kikubwa kilichojaa, pembeni chini. Washeni mishumaa, kisha mwage polepole glasi moja ya maji ya ndimu au vinegre, bila kulowesha mshumaa mfupi. Subirini. Watoto waangalie kwa umbali wa mkono, wasiinamishe uso ndani. Mkikosa mishumaa mitatu, kateni mmoja vipande.

Neno moja ni la lazima. Nyumba nyingi za hapa zina maji ya Javel kwa sababu ya kolera. Javel na ndimu havikutani, wala Javel na vinegre. Vikichanganywa hutoa gazi nyingine, yenye sumu, inayochoma mapafu. Kabla ya jaribio lolote mwalimu huondoa chupa ya Javel, huipeleka ndani, na watoto huangalia anapofunga mlango. Hilo nalo ni somo.

Na sumu ya makala ya kulala nayo ni jambo lingine. Mbabula inayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gazi ambayo haikai chini kama mazuku, hujaa chumba chote, na kimo hakimsaidii mtu. Mbabula ibaki nje usiku, hata baridi ikiwa kali.

Mambo ambayo watoto wa Keshero wanayasema kwa kichwa

Kila Jumamosi kabla ya kutawanyika, wanayarudia. Zamani mwalimu aliwarudisha wanafunzi maneno ya ubaoni. Sasa wanarudia kitu walichokiona.

Asubuhi na usiku hatushuki shimoni wala bondeni. Tunasubiri jua na upepo.

Tukiona wadudu, ndege au panya wamekufa mahali pamoja, tunarudi tulikotoka.

Tukisikia kichwa kinauma, pumzi inakwenda mbio au miguu inaregea, tunapanda juu, hatukai chini kupumzika.

Mwenzetu akianguka, hatuinami kumwinua. Tunapiga kelele, tunaita wakubwa. Aliyeinama naye huanguka, na wa tatu akija kuwainua wawili naye huanguka.

Hatuendi kupima na mshumaa. Kupima ni kazi ya wakubwa wanaojua. Na moto ukiwaka si ruhusa ya kuingia, kwa sababu kesho yake panaweza kujaa tena.

Kwa wazazi wanaotafuta mahali pa kujenga kibanda, mwalimu anaongeza yake. Nafasi iliyobaki wazi peke yake katikati ya watu wengi, iulizieni kwanza kwa wenyeji. Pengine iliachwa kwa sababu. Mtoto mchanga asilazwe chini penye bonde wakati mama analima au anafua. Na ikitokea mtu amekufa au ameanguka bila kidonda, ulizeni kwanza mahali gani, kimo gani, saa ngapi, kabla ya kuuliza ni nani.

Kipande cha mshumaa

Siku kambi ilipokuwa ikivunjwa, watu wakifunga mizigo na plastiki zikichanwa, mjane alikuja kwa Mama Mwalimu na mjukuu wake. Alikuwa ameamua kurudi Masisi kwa miguu. Mwalimu alifikiri amekuja kuaga tu. Mama huyo akaomba kipande cha mshumaa na kifuko cha bikarbonati.

«Mama, kule kwenu juu mlimani hakuna mazuku,» mwalimu akamwambia.

«Najua hayako,» mjane akajibu. «Lakini watoto wanakufa kule nako, na wajane wako. Ninataka kitu cha kuwaonyesha kwamba macho hayaoni yote, na kisichoonekana si lazima kiwe mtu.»

Alifunga vitu hivyo katika kona ya kitenge, akamshika kichwa mtoto wa mwalimu, yule aliyeanguka nyuma ya hema lake, akaenda.

Mtoto huyo sasa ndiye anayepanga mishumaa kila Jumamosi. Ndiye anayejua urefu wa kila mmoja.

Jumamosi hii, baada ya povu kutulia, mwalimu hakumkemea yule mdogo aliyesema ni pepo. Alimwita karibu, akamsimamisha kando ya sufuria.

«Angalia mishumaa hii. Ule mrefu ni nani?»

Mtoto akafikiri. «Ni Papa.»

«Na huu wa katikati?»

«Ni mimi.»

«Na huu mfupi uliozimika kwanza?»

Akageuka kumtazama dada yake mdogo aliyekuwa amekaa chini akichezea ganda la ndimu. Hakujibu kwa mdomo. Alimwonyesha kwa kidole.

«Basi asubuhi mkienda kuteka maji, utapita naye wapi?»

«Juu, barabarani.»

«Na akichoka, utamkalisha chini?»

«Hapana, Mama Mwalimu,» akasema. «Nitamweka mgongoni.»